Mama, Hatukusikii

Mwaka wa sabini na nne, pale Bondeni mjini Nakuru, mbele ya duka la Darshan fundi wa redio palikuwa na benchi lililopinda katikati kwa uzito wa watu wasio na haraka. Kahawa ilitoka mlango wa pili, kwa Nasim, mjane aliyeichemsha na tangawizi na kuimimina kwenye vikombe vidogo huku akiwagombeza wanaoinywa. Upepo ukivuma kutoka ziwani ulileta harufu ya magadi na mavi ya flamingo. Ukigeuka, ulileta vumbi la kiwanda cha pareto na kila mtu akapiga chafya. Wenye benchi walikuwa wawili. Ephantus, aliyeitwa Signo, alikuwa amegeuza reli pale stesheni kwa miaka ishirini na tatu, na hadi leo hakusema neno bila kwanza kuinua mkono kama anayesimamisha treni. Kipketer aliitwa Brigedia, ingawa katika kambi ya jeshi ya Lanet alikuwa dereva wa lori la viazi. Wawili hawa walijua kila kitu, na wasichokijua walikijua zaidi.

Jumanne moja mwezi wa Mei mwanamke wa makamo akasimama mbele yao, kiondo cha kabichi mgongoni, kitambaa kimefungwa shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Aliitwa Wanjugu, mkulima wa Kabazi, mjane.

— Mama, karibu, — Signo akainua mkono. — Unatafuta nani?

Wanjugu akasema.

— Amesema nini? — Signo akamgeukia Brigedia.

— Anauza kabichi.

— Mwambie hatutaki kabichi.

Wanjugu akasema tena. Alikuwa amezoea. Miaka miwili nyuma alitolewa uvimbe shingoni, na uvimbe wenyewe ulikuwa umeshaujeruhi mshipa wa sauti. Alipona, akarudi shambani, akalima kama zamani. Sauti peke yake haikurudi. Kilichobaki kilikuwa pumzi yenye maneno ndani yake, nayo ilimwishia kila baada ya maneno saba au manane. Watu walimjibu kwa kupiga kelele, kana kwamba kiziwi ni yeye.

Aliyemsikia ni Darshan. Alitoka dukani, kilemba cha buluu kichwani, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, akainamisha sikio karibu na mdomo wa yule mama. Kazi yake ilikuwa kusikiliza vitu vinavyosikika kwa shida.

— Anasema rekoda yake inameza sauti, — akawaambia. — Nyamazeni kidogo.

Wanjugu akaitoa rekoda ya kaseti kiondoni, chini ya kabichi, Darshan akabonyeza. Ikatoka shshshsh ndefu, kama mtu anayekaanga vitunguu chumba cha pili. Ndani kabisa ya ule mchemko palikuwa na mtu anayesema, lakini ungeapa ni upepo.

— Hiyo ni pareto, — Signo akasema. — Unga wa pareto umeingia kwa kichwa ya mashine. Dawa inaua mbu, itashindwa na sauti? Haba na haba hujaza kibaba.

— Pareto wapi! — Brigedia akacheka. — Hiyo ni ile sahani kubwa ya Longonot. Si imewekwa kushika simu za Ulaya huko juu? Sasa inavuta sauti zote za Bonde la Ufa. Sauti kubwa inajishikilia. Ndogo kama ya mama inavutwa, inabaki shshsh. Mnyonge hana haki. Hiyo ni sayansi.

— Na kabla ya Longonot, redio hazikuwa zinasema shshsh? — Nasim akauliza akiwa mlangoni.

— Zilikuwa zinasema kidogo.

— Wacheni niwaambie ukweli, — Signo akashusha sauti, mkono ukiwa bado juu. — Ni Menengai, ule mlima wenye shimo. Wazee wanasema kulikuwa na vita, watu wakatupwa ndani ya lile shimo. Ule mvuke unaona asubuhi, ni wao wanaongea. Mashine haibagui, inasikia kila mtu. Mama ni mmoja, wao ni jeshi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

— Wanaongea Kimaasai ama lugha gani?

— Watu wote hao wakiongea pamoja, utajua aje?

Wanjugu alicheka. Kicheko chake hakikuwa na sauti, ni mabega tu yaliyotikisika, na hakukumbuka ni lini yalipotikisika mara ya mwisho.

Darshan hakucheka. Aliirudisha kaseti nyuma, akaisikiliza tena akiwa amefumba macho.

— Kelele ni ya mashine yenyewe, — akasema. — Kila mashine iko na kelele ya ndani, kama nyumba iliyo na jirani mlevi. Ukiongea kwa nguvu, humsikii. Mama akinong'ona, mashine inasema: aa, nasikia kidogo, wacha nijipandishe. Inampandisha mama, inampandisha na mlevi.

— Basi fukuza mlevi, — Brigedia akasema.

— Amejengewa ndani ya ukuta. Dawa ni moja. Mama apewe nguvu huku nje kabla hajaingia mlangoni. Tutengeneze kitu kidogo cha kumkuza, kikae kati ya maiki na rekoda. Akiingia ndani ni mtu mzima. Mashine itajishusha yenyewe, na mlevi atashuka nayo.

Nasim alikuwa ameleta kikombe. Akamwondoa Signo kwa mkono, akamketisha Wanjugu mahali pake.

— Na ni maneno gani haya, mama, yasiyoweza kuandikwa kwa barua?

Wanjugu akawaeleza, maneno manane, pumzi, maneno manane, na Darshan akirudia pale walipokosa kusikia. Yeye na marehemu mume wake walikuwa wameingia katika kampuni ya wananchi waliojiunga kununua shamba la mzungu huko Kabazi. Mume akafa. Siku ya kugawana ploti kwa bahati nasibu, Wanjugu aliingiza mkono wake mwenyewe mkobani akatoa namba arobaini na moja, ploti iliyo kando ya chemchemi. Orodha iliposomwa wiki mbili baadaye, jina lake lilikuwa kwenye kumi na nne, mteremko wa mawe usiomea hata magugu ya maana. Arobaini na moja ilikuwa ya shemeji ya Gachanja, mwenyekiti. Aliandikiwa barua tatu na mwalimu wa shule. Zote zilimfikia Gachanja na zote zilinyamaza.

— Kwa mitingi je?

Kanuni ya kampuni ilikuwa kwamba mwenye pingamizi asimame mbele ya wanachama, aseme mwenyewe, asikike. Mwaka uliopita alisimama. Gachanja, mbele ya kipaza sauti cha kampuni ambacho hakumpa, akasema kwa adabu kabisa: "Mama, hatukusikii." Akajaribu tena. "Hatukusikii, mama." Akajaribu hadi pumzi ikakata. Gachanja akamngoja, kisha akamwambia karani wake: "Andika. Hakuna pingamizi lililosikika."

— Na watu walinyamaza tu? — Nasim akauliza.

— Walicheka. Si kwa ubaya. Nilikuwa nikifungua mdomo kama samaki.

Nasim akamwongezea kahawa. 

— Mitingi ya mwaka huu ni lini? — Darshan akauliza.

— Jumamosi. Baada ya wiki tatu.

— Mimi pia kuna ofisi niliambiwa haiwezi kunisikia, — Darshan akasema, — na sauti yangu ilikuwa nzima. Wacha hiyo rekoda hapa.

Kuanzia hapo, kila siku ya soko Wanjugu aliuza kabichi zake mapema, kisha akaja benchini. Kwanza Darshan aliweka maiki ya nje iliyo nzuri, kwa sababu ile iliyojengewa ndani ya rekoda ilikuwa ikisikia pia mota ikizunguka. Mngurumo ukatoka, shshsh ikabaki. Halafu akaunga kile kitu chake juu ya kipande cha ubao: transista moja, vijiti vichache vya rangi, betri ndogo. Sauti ya Wanjugu ikaja kubwa, lakini ilikuja na mmmmm nene, kama ng'ombe aliyesahaulika zizini.

— Huo ni umeme wa kinu cha kusaga mahindi ya posho ng'ambo ya barabara, — Darshan akasema. — Waya zangu ziko uchi, zinaudaka.

Akachukua mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo, akakiingiza kile kitu chote ndani, akaulehemu waya wa ardhi kwenye bati.

— Fundi, unajiharibia, — Signo akaonya. — Debe tupu haliachi kuvuma. Na wewe unataka kuondoa kuvuma kwa kutumia debe!

— Si tupu sasa. Mama yumo.

Alipokifunga kifuniko, ng'ombe alikufa palepale. Ikabaki shshsh ndogo, nyembamba kama uzi. Mtu mwingine angesema yatosha. Darshan aliketi na kisanduku cha transista za zamani alizozitoa kwenye redio zilizokufa, akazijaribu moja moja, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni. Kila moja ilikuwa na kelele yake yenyewe. Kumi na tisa alizitupa upande. Ya ishirini ilikaa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Ijumaa ya wiki hiyo pikapu nyeupe ilisimama mbele ya benchi. Akashuka mwanamume mnene aliyevaa koti na kofia, akitabasamu. Wanjugu akakaza mkono kwenye kiondo.

— Nasikia hapa kunatengenezwa sauti, — alisema Gachanja.

— Hapa kunatengenezwa redio, — Darshan akajibu bila kuinua macho.

— Wanjugu, mama yetu. Kwa nini unatangatanga mjini na watu wa benchi? Kampuni ni nyumba moja. Njoo tuongee nyumbani. Unajua wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wanjugu akamwambia neno.

— Sikusikia.

— Amesema husikii kwa sababu hujainama, — alisema Signo, na mkono wake safari hii haukupanda.

Gachanja akacheka, akaketi kwenye ncha ya benchi, akamwitisha Nasim kahawa.

— Imeisha, — Nasim akasema. Birika lilikuwa mkononi mwake, likitoa moshi.

— Na hiyo?

— Hii ina wenyewe.

Tabasamu likapungua. Gachanja akasimama, akarekebisha kofia.

— Kanuni inasema mwanachama aseme kwa mdomo wake. Mashine haina hisa. Na wewe mama, kumi na nne si ndogo. Kuna walio na njaa ya hata hiyo.

Pikapu ilipoondoka, Wanjugu alikiweka kikombe chake chini. Alikuwa ameyahesabu mengi usiku kitandani, lakini hilo hakuwa amelihesabu.

— Atanitoa hata kwa ile ya mawe, — akanong'ona.

— Basi atakuwa amekutoa kwa mawe, — Brigedia akasema. — Mtu akikuondolea mawe si umwambie asante?

Lilikuwa jibu la kijinga, na labda ndiyo sababu lilimsaidia. Wanjugu akasimama.

— Fundi, turekodi. Mdomo ni wangu, na maneno ni yangu.

Walirekodi stoo kwa Nasim, katikati ya magunia ya kahawa, kwa kuwa magunia hunywa kelele za barabarani. Darshan aliweka maiki vidole viwili kutoka midomoni mwake. Maneno manane, Wanjugu akainua kidole, rekoda ikasimamishwa, akavuta pumzi, ikaanza tena. Iliwachukua mchana kutwa. Walipomaliza, Darshan aliirudisha kaseti mwanzo na kuicheza pale benchini, kinu cha posho kikinguruma ng'ambo.

Haikuwa sauti yake ya zamani, ile aliyokuwa akiitia mbuzi bondeni. Ilikuwa kavu, ya kukwaruza, kama ufagio kwenye ua. Lakini kila neno lilikuwa na kichwa na mkia. Wanjugu alijisikia akitaja jina lake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili hakuhitaji kulirudia. Akaomba ipigwe tena. 

Jumamosi ya mkutano ilipofika, Brigedia aliazima lori la mboga, akalipakia betri ya gari, amplifaya, spika ya tarumbeta na rekoda ikiwa bado imeungwa na maiki na mkebe, na wote wakaenda Kabazi, hata Nasim na birika lake. Kiwanja cha shule kilijaa watu kama mia tatu. Kwenye meza ya mbele, pembeni mwa Gachanja, alikuwa ameketi afisa wa ardhi aliyetumwa kutoka wilayani. Darshan aliielekeza tarumbeta kwa watu, akamweka Wanjugu nyuma yake ili isimzibe masikio.

— Kama kuna pingamizi, — Gachanja akasema, akiwa ameshaanza kufunga faili.

Wanjugu akasimama, akabonyeza.

— Mimi ni Wanjugu, mwanachama namba themanini na tatu, — ikasema tarumbeta juu ya vichwa vya watu, hadi kwenye miti ya mpakani. — Mkono huu ndio ulioingia mkobani. Ulitoka na arobaini na moja. Aliyekuwa nyuma yangu ni Nanyama. Yeye alitoa sitini. Leo hii anaishi kwenye tisa. Hakuna aliyemuuliza.

Watu wakageuka. Upande wa wanawake mtu akasema kwa nguvu, "Ni kweli!"

— Zima hiyo! — Gachanja alikuwa amesimama. — Wanachama, msidanganywe. Huyu mama hana sauti, kila mtu hapa anajua, mwaka jana mlijionea. Huyu fundi amemweka mwanamke mwingine ndani ya mashine!

Minong'ono ikapita kiwanjani. Wanjugu aliiona shaka ikitembea kutoka uso hadi uso, na wale waliokuwa wamegeuka wakaanza kutazamana. Jambo hilo hawakuwa wamelifikiria, si yeye, si Darshan, si hata wenye benchi waliofikiria kila kitu. Darshan aliizima kaseti. 

Wanjugu akainama, akaichukua ile maiki na mkebe wake. Hakumwomba mtu ruhusa. Alimtazama Darshan tu, na Darshan akauchomoa waya wa mkebe kwenye rekoda, akauchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya.

Pumzi yake ilitangulia. Iliingia kwenye mkebe ikiwa ndogo, ikatoka kwenye tarumbeta ikiwa kama upepo wa mvua, na watu mia tatu wakaisikia ikivutwa na kushushwa.

— Gachanja, — alisema. — Ni mimi. Kaa chini nimalize.

Na Gachanja akakaa. Labda ni mwili tu uliozoea kutii mama akiagiza. Alipogundua alichokifanya alitaka kuinuka, lakini kicheko kilikuwa kimeshaanza kwa wazee wa nyuma, kikaja mbele, na mwaka huu hakikuwa cha samaki. Afisa wa ardhi akafungua kalamu.

— Endelea, mama.

Akaendelea. Maneno manane, pumzi, maneno manane. Alizitaja ploti sita na majina sita. Kila alipovuta pumzi, kiwanja kizima kilimngojea, na hakuna mtoto aliyelia wala mzee aliyekohoa. 

Mambo hayakunyooka siku moja. Afisa aliandika pingamizi, akaagiza kitabu cha bahati nasibu kiletwe ofisini. Kitabu kilichukua miezi mitatu kupatikana, na kilipopatikana kurasa mbili zilikuwa zimelowa maji. Gachanja alibaki mwenyekiti hadi Septemba. Arobaini na moja ilirudi mwaka uliofuata, si yote, nusu ya chini iliyo na chemchemi, na Wanjugu akaipanda viazi kabla ya mtu kubadilisha nia. Nanyama bado alikuwa kwenye tisa, na bado alikuwa akipinga.

Lakini Jumanne ile iliyofuata mkutano, benchi halikuwa na nafasi. Walikuja wanawake kutoka Kabazi, kutoka Subukia, kila mmoja na la kwake, na Nasim alichemsha kahawa mara nne. Signo na Brigedia walisukumwa hadi kwenye ncha, wakiwa bado wanabishana.

— Si umeona? Ile sauti ilitoka safi kwa sababu Jumamosi ile sahani ya Longonot hulala, — Brigedia akasema.

— Ilitoka safi kwa sababu wale wa Menengai walinyamaza kumsikiliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ndipo akafika mama mmoja peke yake, amechoka, viatu vya mpira vimejaa tope jekundu. Alisema anaitwa Cheptanui, ametoka Sachangwan alfajiri. Hakutaka kahawa. Aliutazama mkebe wa Kimbo uliokuwa mezani kwa Darshan, akautazama kwa heshima.

— Fundi, — akasema, — kwetu aliyetoa karatasi mkobani ni mume wangu. Yeye ndiye aliyeiona namba. Alikufa kabla ya orodha kusomwa. Hii mashine inaweza kukuza sauti yake?

Signo akainua mkono, akaushusha.  Darshan alivua miwani akaifuta. 

Wanjugu alijisogeza kwenye benchi, akamsukuma Brigedia kwa nyonga hadi akasimama, akaipangusa ile nafasi kwa kiganja. Cheptanui akaketi. Wanjugu akamwinamia sikioni.

— Yake hatuwezi, — akanong'ona. — Anza na yako.